Intanshipu ya kusaidia mikutano Umoja wa Mataifa: kuomba, kuingia na kazi yenyewe ilivyo

Wengi wakisikia intanshipu ya Umoja wa Mataifa wanawaza kukaa nyuma ya balozi na kusikiliza mambo ya dunia yakiamuliwa, na kweli kukaa utakaa, ila vitengo vinavyohudumia mikutano kazi yao kubwa inafanyika kabla mlango wa ukumbi haujafunguliwa. Inafanyika kwenye karatasi, kwenye orodha za majina, kwenye barua pepe za saa mbili usiku za kuuliza nani atakuja kesho. Naandika hapa kwa mwanafunzi anayetaka hasa hiyo kazi ya mikutano, sio intanshipu yoyote ile, maana ni kazi nzuri mno kwa mtu makini na wanaoijua ilivyo ni wachache, kwaiyo watu wanaomba kwa kubahatisha, wanaandika barua za jumla jumla alafu wanashangaa hawajaitwa.

Hatua ya kwanza: unastahili? na hela unayo?

Tuanze na masharti ya Sekretarieti, yaani ofisi za utendaji za Umoja wa Mataifa zilizo chini ya Katibu Mkuu. Uwe mwaka wa mwisho wa digrii ya kwanza, au uwe unasoma masters au PhD, au uwe umemaliza mojawapo ya hizo ndani ya mwaka mmoja. Huo mwaka mmoja watu wengi wanaupoteza kwa kusubiri matokeo, kusubiri cheti, kusubiri mahafali, wakija kushtuka dirisha limefungwa. Kama upo mwaka wa mwisho saivi anza saivi. Muda wa intanshipu ni miezi 2 mpaka 6. Na kama mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja ni mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa hairuhusiwi, usifiche, kwenye fomu kuna swali la ndugu na watajua tu.

Sasa hela. Sekretarieti hailipi wanafunzi wa intanshipu. Nauli juu yako, pango juu yako, chakula, viza, bima ya afya, vyote juu yako, na bima watataka uthibitisho. Mimi naona hii sio haki na nalisema waziwazi, kazi ni ya kweli na saa ni za kweli, na mtoto wa familia isiyo na uwezo anaachwa nje sio kwa sababu hana akili bali kwa sababu miji inayofanyia hizo kazi ni ghali. Lakini kwa kuwa ndo ilivyo, piga hesabu kabla hujaomba, sio baada ya kupata. Andika miezi unayotaka kukaa, andika pango, usafiri wa kila siku, chakula, viza, bima, alafu uulize chuo chako mapema kama wana mfuko wa kusaidia wanafunzi wanaokwenda kufanya mafunzo nje, vyuo vingi vina kitu cha namna hiyo ila hakitangazwi sana, ni mpaka uende ofisini ukaulize mwenyewe.

Kuna mashirika ya familia hiyohiyo ya Umoja wa Mataifa yanayolipa posho. Shirika la Kazi, ILO, linalipa. UNICEF wanalipa. Shirika la Afya, WHO, walianza mwaka 2020. Na hayo yote yana mikutano, tena mikubwa, WHO wana Baraza la Afya Duniani kila mwaka Geneva na ILO wana Mkutano wa Kimataifa wa Kazi hapohapo Geneva, wote wanahitaji watu wa nyaraka na ukumbi. Kwaiyo kama hela ni tatizo anza na hao.

Jambo lingine la kupima ni mji. Umoja wa Mataifa una ofisi kuu nne: New York, Geneva, Vienna na Nairobi, na kila moja ina kitengo chake cha mikutano. Kama una shangazi au kaka wa kufikia kwenye mmojawapo, huo ndo mji wako wa kuanza nao, haijalishi New York inaonekana tamu kiasi gani.

Hatua ya pili: kulitafuta tangazo

Matangazo yapo kwenye mfumo unaoitwa Inspira, unaingia kupitia tovuti ya ajira ya Umoja wa Mataifa, careers.un.org. Ukichagua kundi la intanshipu yatakuja mengi mno, usisome yote. Tafuta yanayotoka Idara ya Baraza Kuu na Usimamizi wa Mikutano, inajulikana kwa kifupi kama DGACM, na vitengo vya mikutano vya zile ofisi nyingine tatu. Soma sehemu ya majukumu. Ukiona wanataja orodha ya wasemaji, nyaraka za kikao, ratiba ya mikutano, muhtasari wa majadiliano, hapo ndo penyewe.

Kalenda nayo uijue. Baraza Kuu linafungua mkutano wake wa mwaka Septemba na kamati zake kuu 6 zinafanya kazi mfululizo mpaka Desemba, huo ndo msimu mkali. Baraza la Haki za Binadamu pale Geneva lina vikao vitatu vya kawaida kwa mwaka. Nairobi kuna Baraza la Mazingira, UNEA, linalokutana kila baada ya miaka miwili na wiki zake zinakuwa na pilika hasa. Wewe unataka uwepo wakati wa kikao na wiki kadhaa kabla yake, kwaiyo maombi ya Septemba hayaombwi Agosti, yanaombwa miezi mingi nyuma.

Dedlaini inahesabiwa kwa saa za New York, saa 5:59 usiku za kule. Usiifuate hiyo, tuma siku mbili tatu kabla, maana mfumo ukilemewa dakika za mwisho hakuna wa kumlilia.

Na sikilizeni vizuri hapa: Umoja wa Mataifa hautozi hela yoyote, sio ya fomu, sio ya usaili, sio ya mafunzo, sio ya kushughulikia barua. Mtu akikwambia utume kiasi fulani kupitia simu ili jina lako lisogezwe, huyo ni tapeli, mfungie namba na umripoti.

Hatua ya tatu: fomu na barua

Fomu ya Inspira ni ndefu na inachosha, jaza yote. Usiandike "angalia sivii". Kila kazi uliyofanya hata ya kujitolea iandike na majukumu yake. Kiingereza au Kifaransa lazima, hizo ndo lugha za kazi za Sekretarieti, lugha nyingine ni nyongeza nzuri ila usijipe kiwango ambacho huna, kuna siku utapewa simu uzungumze na mjumbe kwa hiyo lugha.

Barua ndo pa kukazana. Barua nyingi zinaanza na "tangu nikiwa mdogo nilikuwa na ndoto ya kuleta amani duniani" na msomaji wa upande wa pili, ambaye anatafuta mtu wa kuhakikisha nyaraka 40 zimefika kwa watu sahihi kabla ya asubuhi, haimsaidii kitu. Mwambie ulichofanya chenye harufu ya mikutano. Kama ulikuwa katibu wa serikali ya wanafunzi andika hivi: "Nilikuwa naandaa ajenda na kuituma kwa wajumbe siku 3 kabla, naandika muhtasari wakati kikao kinaendelea, na kesho yake asubuhi kila mjumbe anakuwa na orodha ya maamuzi na nani anatekeleza nini." Hiyo sentensi moja inashinda aya nzima ya ndoto. Kama ulishiriki mashindano ya wanafunzi ya kuigiza Umoja wa Mataifa usiishie kusema uliwakilisha nchi fulani, sema kama uliwahi kukaa meza ya mwenyekiti, kama uliwahi kuandaa rasimu ya azimio na kuikusanyia marekebisho. Ukatibu wa vikundi vya dini, wa ushirika, wa kamati ya ukoo, vyote vinahesabika ukivieleza vizuri. Watu wanavidharau bila sababu.

Usaili

Usaili wao una mtindo wake na ukishaujua haukutishi. Wanauliza mambo uliyowahi kufanya, sio ungefanyaje. "Tuambie siku ulipofanya kazi na mtu mgumu." "Tuambie ulipokuwa na kazi nyingi kwa wakati mmoja." Jibu kwa mpangilio: hali ilikuwaje, wewe ulifanya nini, ikaishaje. Watu wetu tuna tabia nzuri ya kusema "tulifanya", ila pale ukisema "tulifanya" hawakuoni wewe upo wapi, sema nilifanya, sio majivuno, ni kujibu swali. Andaa visa vitano vya kweli vya maisha yako, kila kimoja kinaweza kujibu maswali mawili matatu tofauti.

Kabla ya siku ya kwanza: soma kanuni

Ukishapata barua, kazi ya kwanza sio kununua suti, ni kusoma Kanuni za Utaratibu za chombo utakachohudumia. Za Baraza Kuu zipo kwenye intaneti bure. Hazisomeki kama hadithi ila ndo zinazoendesha kila kitu chumbani, na anayezijua anaaminiwa haraka kuliko mwenye maksi kubwa. Nakupa chache za kuanzia.

Akidi. Mwenyekiti wa kamati kuu anaweza kufungua kikao ikiwepo robo ya wanachama, ambayo kwa wanachama 193 ni 49. Lakini kufanya uamuzi lazima iwepo zaidi ya nusu, 97. Kwaiyo kuna asubuhi utaambiwa uhesabu vichwa, na unahesabu nchi zenye mtu kitini, sio watu, ujumbe wa watu watano bado ni nchi moja.

Hoja ya utaratibu. Mjumbe akiinua hoja ya utaratibu, yaani kusema kanuni za kikao hazifuatwi, mwenyekiti anatakiwa aamue hapohapo, na huyo mjumbe haruhusiwi kuingia kwenye mada yenyewe. Wewe jicho lako lazima lione mkono wake kabla ya mwenyekiti, maana mwenyekiti anasoma karatasi.

Haki ya kujibu. Nchi ikitajwa vibaya inaweza kuomba kujibu, kwa kawaida mwisho wa siku, mara mbili tu kwa kila ajenda kwenye kikao: ya kwanza dakika 10, ya pili dakika 5. Unaandika jina la nchi na saa iliyoomba. Zikiomba nchi mbili zenye ugomvi, mpangilio wa nani aliomba kwanza utaulizwa, na wewe ndo mwenye jibu.

Kura. Kura ikishaanza hakuna anayeruhusiwa kuikatiza isipokuwa kwa hoja ya utaratibu inayohusu upigaji wa kura wenyewe. Wakati huo usitembee tembee ukumbini kugawa karatasi.

Vibao vya majina

Hii inaonekana kazi ndogo na ndo inayoweza kuleta balaa. Nchi zinapangwa kwa alfabeti ya Kiingereza, na kila mwaka Katibu Mkuu anachagua kwa kura ya bahati nchi itakayokaa kiti cha kwanza, zingine zinafuata kutoka hapo mpaka mzunguko unakamilika. Kwaiyo ramani ya viti ya mwaka jana itupe.

Ukipanga tumia majina rasmi ya Umoja wa Mataifa, usitumie unayoyajua kichwani. Tanzania haikai kwenye T, inakaa kwenye U kwa sababu jina lake rasmi linaanzia na United Republic, ipo katikati ya Uingereza na Marekani. Kongo mbili haziko pamoja, ya Brazzaville ipo kwenye C baada ya Comoro, na ya Kinshasa ipo kwenye D, jirani yake ni Korea ya Kaskazini ambayo nayo ipo D, wakati ya Kusini ipo R. Swaziland ilishakuwa Eswatini tangu 2018, Macedonia ikawa North Macedonia 2019, Uturuki tangu 2022 inaandikwa Türkiye na zile nukta mbili juu ya u ziwepo. Palestina ni mwangalizi na haipigi kura, lakini kutokana na azimio la Mei 2024 inakaa kwa alfabeti katikati ya wanachama, baada ya Sri Lanka.

Kibao kikikosewa hiyo sio kosa la chapa tu kwa macho ya mjumbe, ni nchi yake imeandikwa vibaya mbele ya dunia. Pita ukumbini mara mbili kabla ya watu kuingia, mara ya kwanza ukisoma kwa orodha, mara ya pili ukisoma kutoka mwisho kurudi mwanzo, jicho linachoka likisoma kwa mpangilio uleule.

Nyaraka na zile alama zake

Kila waraka una alama na ukijifunza kuisoma hutapotea tena. A/RES/70/1 maana yake ni Baraza Kuu, azimio, mkutano wa 70, namba 1, na hilo ndo lile la Malengo ya Maendeleo Endelevu la 2015. Ukiona S/ mwanzoni ni Baraza la Usalama, E/ ni Baraza la Uchumi na Jamii, A/HRC/ ni la Haki za Binadamu. A/C.3/ ni Kamati ya 3 ya Baraza Kuu. Ukiona L. ndani yake basi ni rasimu, bado haijapitishwa, hapo ndo wengi wanachanganya wanamtumia mjumbe rasimu wakidhani ni azimio lenyewe. Rev. ni toleo jipya linalofuta la kwanza, Add. ni nyongeza, Corr. ni masahihisho. Ukiulizwa waraka, kabla hujautuma angalia kama una Rev. au Corr., ni sekunde kumi na inakuokoa.

Ujue pia kwamba waraka hautokei tu. Utaratibu ni ripoti iwasilishwe wiki 10 kabla ya kikao, itafsiriwe na kushughulikiwa ndani ya wiki 4, itoke kwa lugha zote 6 wiki 6 kabla: Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania. Ripoti ya Sekretarieti ina kikomo cha maneno 8,500. Ofisi iliyochelewesha ikianza kukulalamikia kwamba kwanini haijatoka, utajua kwa nini na utaongea nao kwa adabu huku una tarehe mkononi.

Siku yenyewe

Kikao cha asubuhi ni saa 4 mpaka saa 7 mchana, cha mchana ni saa 9 mpaka saa 12 jioni. Hizo saa 3 sio mapambo, ndo mkataba wa kazi ya wakalimani, na kikao cha lugha 6 kinachukua wakalimani 14, wawili wawili kwa kila kibanda isipokuwa Kiarabu na Kichina watatu watatu kwa sababu vibanda hivyo vinatafsiri kuingia kwenye lugha yao na kutoka pia. Mwenyekiti akitaka kuongeza dakika baada ya saa 7 anawaomba wakalimani, na wakisema mwisho, ni mwisho, maiki zinazimwa. Kwaiyo ikifika saa 6:40 na bado kuna wasemaji 9 kwenye orodha wewe unamwandikia afisa wako kikaratasi: wamebaki 9, kila mmoja dakika 3, hatutamaliza. Hiyo hesabu ukiifanya bila kuambiwa wiki ya kwanza, utaona wanavyoanza kukuita kwa jina.

Fika dakika 90 kabla ya kikao kuanza. Angalia vibao, maiki ya mwenyekiti, maji, nyundo ipo mezani, hedifoni zinatoa sauti kwenye kila lugha. Angalia orodha ya wasemaji, siku hizi nchi nyingi zinajiandikisha kwenye mfumo wa e-deleGATE lakini mpaka dakika ya mwisho watu wanakuja mezani kubadilishana nafasi, hasa waziri akiwa anawahi ndege. Andika kila badiliko na aliyekwambia. Hotuba zilizotumwa mapema zifike kwa wakalimani, mjumbe akisoma kwa kasi hotuba ambayo mkalimani hana, lugha nyingine tano zinapata vipande vipande.

Alafu kuna skripti ya mwenyekiti. Watu wa nje hawajui kwamba mwenyekiti anasoma, na wakati mwingine rasimu ya kwanza ya anachosoma imeandikwa na kijana wa intanshipu. Inakuwa hivi:

"Namshukuru mwakilishi wa ____ kwa kauli yake. Kuna ujumbe mwingine unaotaka kusema? Sioni. Sasa Kamati itachukua uamuzi juu ya rasimu namba ____. Nisiposikia pingamizi, nitachukulia kwamba Kamati inataka kuipitisha bila kupiga kura." Asubiri. Nyundo.

Hilo neno "asubiri" liandike, kwa herufi kubwa. Mwenyekiti akigonga haraka mno na kulikuwa na mkono umeinuliwa pembeni, kufungua tena uamuzi uliokwisha pitishwa ni kazi ya siku nzima. Na andaa skripti mbili kwa kila rasimu, ya kupita kwa maridhiano na ya kupiga kura, kwa karatasi za rangi tofauti, maana nchi inaweza kuomba kura dakika hiyohiyo na mwenyekiti hatakiwi kutafuta ukurasa huku nchi 193 zinamwangalia.

Mazungumzo yasiyo rasmi

Maazimio hayaandikwi ukumbi mkubwa. Yanaandikwa kwenye vyumba vidogo visivyo na madirisha, mara nyingi kwa Kiingereza tu bila wakalimani, nchi zikivutana aya kwa aya. Ukipelekwa huko kuandika, usijaribu kuandika kila neno, utakwama dakika ya tano. Chora safu tano: namba ya aya, nchi, inataka nini hasa, nani kaunga mkono, nani kapinga. Kwenye "inataka nini" nakili maneno yenyewe, usifupishe. Kama mjumbe kasema aya ya 7 ibadilike kutoka "inazihimiza nchi" iwe "inazitaka nchi" andika hivohivo, kwa sababu hapo ndo penye ugomvi wote, moja ni ombi na nyingine inakaribia amri, na anayeandika "nchi fulani inapendekeza marekebisho ya lugha aya ya 7" hajaandika kitu.

Maneno yasiyokubaliwa yanawekwa kwenye mabano, ukiona aya ina mabano matano ujue leo mnalala hapo. Nchi ikisema imekubali ila inasubiri neno kutoka kwao, andika "imekubali, inasubiri mji mkuu", usiandike imekubali. Kuna pia utaratibu wa ukimya, rasimu inatumwa na muda unawekwa, asiyepinga mpaka saa ile anahesabika amekubali. Wakati wa korona mwaka 2020 Baraza Kuu lilipitisha maamuzi kwa njia hiyo kwa kuwapa nchi angalau saa 72. Ukiwa wewe ndo unaangalia kisanduku cha barua pepe usiku huo, usilale kabla ya saa iliyowekwa, alafu chapisha au hifadhi kila barua na saa yake.

Muhtasari wako utume usiku uleule au asubuhi mapema. Wa kesho mchana hausomwi na mtu.

Vikao vya onlaini

Fupi tu: jina la kila mtu kwenye skrini lianze na nchi, hedifoni zenye waya na maiki badala ya spika ya laptopu kwa sababu ya masikio ya wakalimani, jaribio la sauti nusu saa kabla na kila msemaji, na namba ya simu ya kila ujumbe uwe nayo pembeni kwa ajili ya mtu atakayepotea hewani.

Adabu na siri

Mabalozi waite Mheshimiwa Balozi mpaka mwenyewe akwambie vingine, na wengi hawatakwambia. Wahudumu wa ukumbi, mafundi wa sauti, walinzi, wasalimie kila asubuhi na ujue majina yao, fundi wa sauti ambaye mnajuana atakuja mbio maiki ikifa na asiyekujua atakwambia ujaze fomu. Usimpe mjumbe mmoja habari ambayo hujawapa wengine, hata kama anatoka nchi yako na mnaongea Kiswahili kizuri kabisa kwenye korido. Hapo wewe sio wa nchi yako, ni wa Sekretarieti, na hilo lina uzito kuliko ujuzi wowote nilioutaja. Picha za ukumbi mtupu sawa, picha ya rasimu yenye mabano usiipige, usiitume hata kwa mpenzi wako. Status za WhatsApp za "leo nipo na nchi fulani wanazozana" zimefuta intanshipu za watu.

Na ukipangiwa kupiga kopi wiki nzima bila kuhudhuria kikao hata kimoja, sema. Mwendee msimamizi wako na ombi dogo la wazi: naomba Alhamisi nikae kwenye mazungumzo ya rasimu hii, nitaandika muhtasari. Wengi wanakubali, tatizo wengi hawaombi.

Kabla hujaondoka

Wiki mbili kabla ya mwisho andika waraka wa makabidhiano: mafaili yapo wapi, orodha zipi zinahuishwa lini, nani anapigiwa kwa tatizo gani. Hakikisha tathmini yako imejazwa na kusainiwa ukiwa bado upo, maafisa wa mikutano wanahamishwa vitengo na ukimtafuta baada ya miezi mitatu unaweza kukuta yupo bara lingine. Omba barua ya kumbukumbu itaje kazi zenyewe, kwamba uliandaa skripti za mwenyekiti, ulisimamia orodha ya wasemaji, uliandika muhtasari wa mazungumzo ya azimio fulani ambalo sasa lina namba. Mpe orodha ya hizo kazi atakayeisaini, itamrahisishia, na fanya hivyo kabla hujarudisha kitambulisho cha getini maana ukishakirudisha hata kuingia kwenye jengo ni mpaka mtu ashuke akufuate.